Counter-Strike 2 au Valorant: mchezaji mpya aanze na upi?

Michezo ya kompyuta ya ufyatuaji wa kimbinu, ambamo vikosi viwili vya watu watano watano hupambana raundi baada ya raundi kwa ajili ya bomu moja, ina tabia inayowavunja moyo wengi wanaoianza: anayeuawa harudi uwanjani baada ya sekunde chache, hukaa akiwatazama wenzake mpaka raundi imalizike. Kosa la kufumba na kufumbua, kwa mfano kutokeza kwenye kona huku ukikimbia, laweza kukugharimu zaidi ya dakika nzima ya kukaa bure. Kwa sababu hiyo, mchezo utakaouchagua uwe wa kwanza una uzito mkubwa, maana huo ndio utakaokufundisha, au kushindwa kukufundisha, kwa nini uliuawa.

Majina mawili yanayotajwa zaidi pale mtu anapouliza aanzie wapi ni Counter-Strike 2 wa kampuni ya Valve na Valorant wa kampuni ya Riot Games. Wa kwanza ulitoka Septemba 2023, lakini ukoo wake ulianza mwaka 1999 kama nyongeza iliyotengenezwa na wapenzi wa mchezo wa Half-Life. Wa pili ulitoka Juni 2020, na waliouunda hawakuficha kwamba walijifunza mengi kutoka kwa ule wa zamani. Yote miwili hupakuliwa bure. Rainbow Six Siege wa Ubisoft, uliotoka mwaka 2015, nimeuacha kando kwa makusudi, kwa kuwa kuta na sakafu zake hubomoka, na mtu asiyejua bado kushika kona moja hana sababu ya kuanza na ramani, yaani uwanja wa mapambano, ambayo kona zake huzaliwa upya kila raundi.

Kipimo ninachokitumia hapa ni kimoja: mchezo upi humwonyesha mgeni kosa lake likiwa bado dogo, kabla halijawa mazoea. Mambo mengine, kama uzuri wa picha au umaarufu wa mashindano, yana nafasi yake, lakini hayamsaidii mtu aliyeuawa mara sita mfululizo bila kujua sababu.

Msingi ulio mmoja

Upande mmoja hushambulia na kutaka kutega bomu katika eneo lililowekewa alama, na upande wa pili hulinda. Baada ya raundi 12 pande hubadilishana, na kikosi kinachotangulia kufikisha ushindi wa raundi 13 ndicho kinachoshinda, isipokuwa pale matokeo yanapolingana mwishoni na kuongezwa raundi. Katika michezo yote miwili ni lazima alama yako ya kulengea ikae kwenye kimo cha kichwa cha adui unayemtarajia, wala isitazame sakafu unapotembea. Ni lazima usimame kabla ya kufyatua. Hatua za anayekimbia husikika, na za anayetembea polepole hazisikiki. Mwenzako akiuawa, wewe uwe karibu kiasi cha kumpiga aliyemuua kabla hajajificha, maana mchezaji anayekwenda peke yake mbali na kikosi huuawa bila kulipiziwa, na wanne wanaobaki hurithi tatizo lake. Anayeyajua haya manne katika mchezo mmoja hatakuwa mgeni kabisa katika mwingine.

Michezo yote miwili ina msaada mdogo hapa ambao naupenda: unapokimbia, ramani ndogo iliyo pembeni ya kioo huonyesha duara la umbali ambao hatua zako husikika. Mgeni anaona kwa macho jambo ambalo vinginevyo angelijua tu baada ya kuuawa mara nyingi na watu waliomsikia akija.

Bunduki

Hapa ndipo michezo hii inapoachana kweli. Katika Counter-Strike 2, mchezaji anayekimbia kuelekea kulia na kukiachia kitufe huendelea kuteleza kidogo kabla hajasimama, na risasi anazozifyatua katika mtelezo huo hutawanyika ovyo. Dawa yake ni kugusa kwa ufupi kitufe cha upande wa pili ili mwili usimame papo hapo, kisha ndipo kufyatua. Tendo hili lafaa lifanywe bila kufikiriwa, na kwa mtu mpya huchukua muda kuingia vidoleni. Katika Valorant mwili husimama upesi zaidi kitufe kinapoachiwa, hivyo mgeni anayekumbuka tu kuachia kitufe kabla ya kufyatua tayari amefika mbali.

Bunduki zenyewe nazo hazifanani tabia. Ukishikilia kitufe cha kufyatua, AK-47 ya Counter-Strike 2 hupanda juu kwanza, kisha huyumba pembeni kwa njia ileile kila mara. Kwa kuwa njia hiyo haibadiliki, mkono waweza kufundishwa kuifuata kinyume: mchezaji husimama mbele ya ukuta, humaliza risasi 30 za magazini, hutazama matundu, hurudia. Vandal na Phantom za Valorant hupanda juu kwa risasi chache za mwanzo kwa namna inayotabirika, lakini baada ya hapo huyumba kushoto na kulia bila mpango wa kudumu. Mazoezi ya ukutani hayalipi sana huko. Kinacholipa ni nidhamu ya kufyatua risasi mbili au tatu, kunyamaza kidogo, kisha kufyatua tena.

Kuna tofauti nyingine isiyosemwa sana kwa wageni, ingawa huamua raundi nyingi. Katika Valorant pande zote mbili hununua bunduki zilezile. Vandal humwua mtu kwa risasi moja ya kichwa katika umbali wowote, hata akiwa na kinga nzito, na Phantom hufanya hivyo kwa karibu tu. Katika Counter-Strike 2 washambuliaji ndio wanaouziwa AK-47, ambayo humwua kwa risasi moja ya kichwa hata aliyevaa kofia ya chuma, ilhali bunduki za familia ya M4 wanazouziwa walinzi haziwezi kufanya hivyo dhidi ya kofia. Mlinzi asiyejua jambo hili hutokeza kifua mbele kupimana na AK-47 kana kwamba wako sawa, kisha hulaumu bahati.

Nikipima kwa bunduki peke yake, Counter-Strike 2 ni mwalimu bora, kwa sababu kila risasi iliyokwenda kombo ina sababu inayoonekana: ulikuwa ukitembea, au ulishikilia kitufe, au ulilenga chini. Valorant nao una ripoti inayojitokeza baada ya kuuawa, ikionyesha risasi zako na zake zilipiga sehemu gani za mwili. Mgeni aisome kila mara. Wengi huiruka ili waandike lawama kwenye gumzo.

Moshi, mwanga na uwezo wa mawakala

Chukua kazi moja tu: kuzuia macho ya adui aliye kwenye dirisha linalotazama katikati ya ramani ya Mirage. Katika Counter-Strike 2, mshambuliaji hununua bomu la moshi, husimama mahali mahususi karibu na alikoanzia, huielekeza alama yake ya kulengea kwenye nukta fulani ya jengo au anga, kisha huruka na kurusha kwa pamoja. Akisogea hatua moja, moshi huanguka pembeni na dirisha hubaki wazi. Hakuna anayelijua hilo kwa kuzaliwa, na kila ramani ina urushaji wa aina hiyo kwa makumi.

Katika Valorant kila mchezaji huchagua wakala, yaani mhusika mwenye uwezo wake maalumu, na aliyemchagua Brimstone hufungua ramani mkononi mwake, hubonyeza mahali anapopataka, na moshi hushuka hapo. Mgeni wa siku ya kwanza anaweza kuifanya kazi ya aina hiyo, na kikosi kizima kikafaidika. Brimstone na Sage, anayeponya wenzake na kuinua ukuta wa barafu, wamo miongoni mwa mawakala ambao akaunti mpya hupewa tangu mwanzo. Jambo hili si dogo. Mtu ambaye mkono wake bado mzito, na ambaye katika Counter-Strike 2 angekuwa mzigo kwa kikosi, katika Valorant anaweza kuziba njia, kuponya, au kuweka mtambo wa Killjoy unaolinda mlango, na kuhesabiwa kuwa amecheza vizuri bila kuua watu wengi.

Hata hivyo urahisi huo una upande wa pili. Counter-Strike 2 una aina tano tu za mabomu ya kurushwa: la moshi, la mwanga unaopofusha, la moto, la kulipuka na lile la kudanganya kwa sauti. Kila mchezaji anaweza kununua hayo hayo, mpaka manne kwa wakati mmoja, na kwa hiyo baada ya muda mfupi unayajua yote yanayoweza kukupata. Valorant una mawakala zaidi ya 25, kila mmoja akiwa na uwezo wa aina nne, na mgeni huuawa na vitu ambavyo hajawahi kuviona: waya uliotegwa mlangoni na Cypher, mshale wa Sova unaofichua alipojibanza, mwanga unaopinda kona. Huwezi kujifunza kutokana na kifo usichokielewa. Ushauri wangu kwa anayechagua Valorant ni kushika wakala mmoja tu kwa muda mrefu, kisha kuwajua wengine kwa kuuawa nao, kimoja kimoja, bila haraka ya kuwajaribu wote.

Moshi wa Counter-Strike 2 una jambo lake la pekee linalofaa kutajwa: huenea na kujaza nafasi iliyopo, na bomu la kulipuka likitupwa ndani yake hufungua uwazi kwa muda mfupi. Anayejificha nyuma ya moshi akidhani yuko salama hushangazwa. Pia katika mashindano ya mchezo huu risasi yako humwumiza mwenzako, jambo linalowafundisha wageni upesi kutopita mbele ya bunduki ya rafiki. Risasi za Valorant hazimdhuru aliye upande wako, ingawa mwanga wa Phoenix humpofusha rafiki sawasawa na adui.

Fedha

Mchezaji wa michezo yote miwili huanza na 800, na kile anachokinunua hubaki naye akinusurika. Baada ya hapo hesabu hutengana. Counter-Strike 2 humruhusu mtu kuweka akiba mpaka 16,000, humlipa anayeua kiasi kinachotegemea silaha aliyoitumia (300 kwa AK-47, 100 tu kwa bunduki ya mdunguzi ya AWP, 600 kwa bunduki nyingi ndogo za bei nafuu), na hukifariji kikosi kinachopoteza kwa malipo yanayoanzia 1,400 na kupanda kwa 500 hadi 3,400 kadiri raundi zinavyopotea mfululizo. Valorant una kikomo cha 9,000, hulipa 200 kwa kila anayeuawa bila kujali silaha, na hutoa 1,900, kisha 2,400, kisha 2,900 kwa wanaoshindwa. Orodha yake ya ununuzi pia humwonyesha mchezaji kiasi cha chini atakachokuwa nacho raundi ijayo.

Kwa mgeni, hesabu ya Valorant ni nyepesi, na kitufe cha kumwomba mwenzako akununulie bunduki huondoa aibu ya kuomba. Kosa linalokiangamiza kikosi ni lilelile kotekote: wanne wamekubaliana kubana matumizi raundi hii ili inayofuata wote wanunue vizuri, wa tano ananunua bunduki ya 2,700 peke yake, kama mwanachama wa upatu anayekula zamu isiyo yake. Anauawa, bunduki inaokotwa na adui, na raundi inayofuata yeye ndiye aliye na bastola.

Walinzi wa Counter-Strike 2 wana ununuzi mmoja ambao hauna ndugu yake katika Valorant, yaani vifaa vya kutegulia bomu vya 400. Bomu hulipuka sekunde 40 baada ya kutegwa. Kulitegua bila vifaa huchukua sekunde 10, na kwa vifaa sekunde 5. Katika Valorant kila mlinzi hutegua kwa sekunde 7, bomu hulipuka baada ya sekunde 45, na ukifika nusu ya kazi ukakatizwa, nusu hiyo haipotei. Tofauti hiyo ya mwisho humpa mgeni nafasi ya kujaribu, kuacha, kupigana na kurudi, wakati ambapo Counter-Strike 2 ungemlazimisha kuanza upya.

Kompyuta, intaneti na watu wa kucheza nao

Mara nyingi uamuzi huishia hapa hata kabla ya hoja za bunduki. Valorant ulitengenezwa uendeshwe na kompyuta dhaifu. Mahitaji yake ya chini yaliyotangazwa ni RAM ya GB 4 na grafiki za ndani za Intel HD 4000. Counter-Strike 2 hudai RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 85 kwenye diski, kiasi ambacho kwa anayenunua kifurushi cha intaneti ni gharama halisi kabla hajafyatua risasi hata moja. Mwenye laptopu ya ofisini isiyo na kadi ya grafiki asijitese. Atacheza Valorant kwa raha zaidi, na katika michezo hii fremu zinazokatika huharibu ulengaji kuliko upungufu wa mazoezi.

Kwa upande mwingine, Valorant huja na mlinzi wake dhidi ya wadanganyifu, Vanguard, anayeanza kazi pale kompyuta inapowashwa na mwenye mamlaka ya ndani kabisa ya mfumo. Kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa. Anayecheza kwenye duka la intaneti amwulize mwenye duka kwanza, na anayetumia Linux hana njia. Counter-Strike 2 hufanya kazi kwenye Linux. Wapo wanaokataa kumpa mchezo mamlaka makubwa hivyo juu ya kompyuta yao, na sioni kuwa ni woga. Kinachopatikana kwa malipo ya mamlaka hayo ni mashindano yenye wadanganyifu wachache. Counter-Strike 2 una sifa mbaya zaidi katika hilo, hasa kwa wasio na hadhi ya Prime, ambayo hununuliwa na bila hiyo mtu haingii katika mashindano ya Premier. Valorant hauuzi mlango wa mashindano ya ngazi, ila huufunga mpaka akaunti ifike kiwango cha 20. Kizuizi hicho ni cha manufaa kwa mgeni, ingawa humchosha.

Kuhusu seva, Valve ina za Johannesburg na Dubai, na Riot ina ya Bahrain pamoja na kadhaa za Ulaya. Mkazi wa Muscat au Dubai yuko karibu na ya Dubai na ya Bahrain pia. Kwa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kigali jibu hutegemea njia ambayo kampuni yake ya intaneti huipitishia data, kwa hiyo acheze mechi moja ya bure katika kila mchezo na kutazama muda wa kusafiri kwa data kabla ya kuamua. Jambo linalosahaulika ni kwamba akaunti ya Valorant hufungwa katika kanda ya dunia kulingana na nchi. Ndugu aliyeko Mombasa na binamu yake aliyeko London watacheza pamoja, lakini aliyeko Minneapolis hataweza kuingia kwenye kikosi chao. Counter-Strike 2 hauna ukuta huo, ingawa mmoja wao atavumilia ucheleweshaji.

Onyo fupi kwa wazazi: mapambo ya bunduki ya Counter-Strike 2 huuzwa na kununuliwa sokoni kwa fedha, na masanduku yake ya kubahatisha yameizunguka jamii ya mchezo huo kwa miaka mingi. Mapambo ya Valorant ni ghali, lakini ukishanunua huwezi kuyauza, na kishawishi cha kamari ni kidogo.

Uchague upi

Mwenye kompyuta dhaifu, au anayetaka kucheza na marafiki walioanza siku moja naye, aende Valorant, amchague Brimstone au Sage, na aanze na Swiftplay, ambayo huisha kikosi kinapofikisha ushindi wa raundi tano. Marafiki wanaozungumza Kiswahili wanaweza kuzipa kona majina yao wenyewe, mlangoni, ghorofani, kwenye maboksi, mradi wote wayatumie kwa namna moja. Siku mmoja wao atakapocheza na wageni atahitaji kujua majina yanayoandikwa kwenye ramani.

Mwenye kompyuta inayotosha, aliye tayari kushindwa kwa wiki kadhaa na anayeona raha katika kurudia jambo moja mpaka mkono ulishike, aende Counter-Strike 2. Acheze ramani moja tu, Mirage au Dust II, ajifunze urushaji wa moshi mitatu kwa kila upande, na aache mashindano ya ngazi mpaka AK-47 isimtoroke tena ukutani. Nikilazimishwa kumshauri mtu nisiyemjua, mwenye vifaa vyote na muda, ningempeleka huko kwanza, kwa kuwa anayehama kutoka Counter-Strike 2 kwenda Valorant hubeba mkono uliokwisha kufundishwa na kubakiwa na kazi ya kuwajua mawakala, ilhali anayehama kinyume chake hugundua kwamba lazima ajifunze upya kusimama na kufyatua.

Atakayehama asibahatishe kasi ya kipanya. Agawe namba aliyoizoea katika Counter-Strike 2 kwa 3.18, na jibu ndilo la kuandika katika Valorant: aliyetumia 1.0 ataandika 0.314. Anayekwenda upande wa pili azidishe.